Pima kwanza, kisha nunua: kubadilisha piyese zilizolika ndani ya motere ya trakta ya zamani



Somo la leo ni juu ya motere ya trakta iliyozeeka: namna ya kujua piyese gani zimelika, namna ya kuzipima, na namna ya kuzibadilisha pasipo kutupa franga. Sisi wa komite ya mashine tunaandika somo hili kwa sababu tulikosea, na kosa letu liliwapata wanachama wasiokuwa na kosa. Afadhali mujifunze kwa hasara yetu kuliko kuilipa ninyi pia.

KOSA LETU

Trakta yetu ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Yetu ina motere ya Perkins ya mazutu, yenye silinda 3 na ukubwa wa litre 2,5. Ni ya zamani sana, lakini mafundi wengi wanaijua, na piyese zake zingali zinatengenezwa. Ni juu ya hiyo tuliona si vema kuitupa.

Msimu uliopita, mwezi wa tisa, ilianza kutoa moshi wa buluu. Ilikula mafuta ya motere kila siku, na asubuhi ilikataa kuwaka mpaka isukumwe. Wakati ule wanachama 19 walikuwa wamekwisha kulipa franga za kulimiwa. Fundi mzee wa kijiji alituambia: "Ba papa, mufungue, mupime kwanza. Hii motere imekula bulongo." Lakini vyombo vya kupimia havikuwa kijijini. Sherti tulipe safari ya mtu wa kuvileta. Tulitazama ndani ya sanduku, tukaona ni kupoteza franga. Tukanunua segma tu, kwa sababu ndizo za bei ndogo. Tukaziweka, motere ikawaka, tukapiga vigelegele.

Baada ya majuma matatu moshi ulirudi, mwingi kuliko ule wa kwanza. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Kati ya wanachama 19, wanachama 8 hawakulimiwa. Mmoja wao ni mama mjane aliyelipa wa kwanza kabisa, lakini shamba lake lilikuwa la mwisho kwenye njia. Alilima kwa jembe pamoja na watoto wake, akamaliza nusu tu. Siku ya mkutano hakutukana mtu. Aliuliza neno moja: "Mulipima?" Sisi wote tulinyamaza.

MANENO YA FUNDI

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya majina.

- Pistoni: kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda.
- Segma: pete za chuma zinazozunguka pistoni. Zinazuia nguvu ya moto isishuke chini, na mafuta yasipande juu.
- Shemizi: bomba la chuma ambamo pistoni inatembea.
- Biyele: mkono unaounga pistoni na vilbreke.
- Vilbreke: mti mkubwa wa chuma unaozunguka chini ya motere.
- Kusineti: vipande vyembamba vya chuma laini, vilivyopindwa kama ganda, vinavyokaa kati ya biyele na vilbreke ili visisagane.
- Kulasi: kifuniko kizito cha juu ya motere. Kati yake na motere kuna jwenti, ile karatasi ngumu isiyorudiwa mara mbili.
- Kartere: beseni la chini linaloshika mafuta ya motere.

JUU YA NINI MOTERE INALIKA MBIO

Kila motere inalika polepole, sawa na jembe. Lakini ikilika kwa mbio, kuna sababu, na sababu kubwa katika nchi yetu ya vumbi ni hewa chafu. Motere ya mazutu inavuta hewa nyingi sana. Chembe ndogo za mchanga zikipita, zinachanganyika na mafuta kwenye ukuta wa shemizi na kuwa kama karatasi ya kusugulia mbao. Pistoni inapanda, inashuka, na kila mara inakwangua.

Fundi alipofungua motere yetu mara ya pili, hakuanza na pistoni. Alifuata mpira wa hewa unaotoka kwenye filtre kwenda kwenye motere. Chini ya kamba ya mpira wa baiskeli tuliyofunga sisi wenyewe zamani, alikuta ufa mrefu kama kidole. Vumbi lilikuwa linaingia nyuma ya filtre, pahali ambapo hakuna kitu cha kulizuia. Segma mpya tulizoziweka zilikula vumbi lilelile lililoua zile za kwanza.

Basi neno la kwanza la somo ni hili: ukibadilisha piyese bila kuondoa kilichoiharibu, umenunua kuharibika kwa mara ya pili.

Trakta nyingi za zamani zina filtre ya hewa yenye bakuli la mafuta chini yake. Wakati wa vumbi, lifunguliwe kila siku. Ukikuta matope chini, mwaga, osha, weka mafuta mapya mpaka kwenye alama. Usizidishe, kwa maana motere inaweza kuyavuta. Kisha pitisha mkono kwenye mpira wote wa hewa, ukipinda kidogo kidogo. Mpira wenye ufa haufungwi kamba, unabadilishwa.

TAZAMA NA SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Motere inasema yenyewe mahali inapoumwa.

Moshi wa buluu: mafuta ya motere yanaungua. Mara nyingi ni segma na shemizi, lakini inaweza kuwa pia njia za soupape.

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Tazama filtre ya hewa iliyoziba na enjekta kabla ya kufikiri juu ya segma.

Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto: mazutu hayaungui vizuri, ama maji yanaingia. Tazama kama maji ya radiateri yanapunguka.

Pumzi ya motere: motere ikiwa inazunguka, fungua kifuniko cha kutilia mafuta. Mvuke kidogo si kitu. Lakini ikipuliza moshi kwa nguvu, puu-puu-puu, ni nguvu ya moto inayopita kando ya pistoni. Uwe mbali na pangaboyi na mkanda, na usivae nguo inayoning'inia.

Nguvu ya mafuta: kama sindano ya presha inakaa vizuri asubuhi, kisha inaanguka motere ikipata moto, kusineti zimelika, ama pompe ya mafuta imechoka.

Mafuta yenyewe: yamwage katika beseni safi, uyachuje kwa kitambaa cheupe. Ukiona unga unaong'aa, kusineti zinaisha. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia.

Kama kuna fundi mwenye chombo cha kupima nguvu ya silinda, apime zote tatu. Chombo hicho kiwe cha motere ya mazutu. Kile cha motere ya esansi kitavunjika. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, mumejua pa kutazama.

KUFUNGUA KWA USALAMA

Trakta nyingi za zamani hazina shasi kama kamio. Motere yenyewe ndiyo mfupa wa katikati: mbele inashika magurudumu madogo, nyuma inashika sanduku la vitesi. Ukilegeza buloni za mbele bila kuweka nguzo, trakta inaweza kukatika katikati na kumwangukia mtu. Sherti magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mbao pande zote mbili, na mwili ushikwe kwa nguzo ngumu. Kriki peke yake si nguzo. Mtu asiingie chini ya chuma kinachoshikwa na kriki tu.

Osheni motere nje kabla ya kuifungua, ili matope yasiangukie ndani. Fanyeni kazi fasi isiyo na upepo wa vumbi. Kisha muwe na mpango:

1. Kila pistoni na biyele viandikwe namba yake, 1, 2, 3, kuanzia upande wa radiateri. Kofia ya biyele isichanganywe na nyingine. Zilitobolewa pamoja, ukizibadilisha, vilbreke itashikwa.

2. Vijiti vya soupape vichomekwe kwenye karatasi ya kartoni yenye matundu, kila kimoja kwa zamu yake.

3. Buloni za kila fasi zikae katika kopo lake.

4. Mtu mmoja aandike katika daftari kila kitu kinachotoka, kwa utaratibu. Wakati wa kurudisha, mtasoma daftari kutoka chini kwenda juu.

KUPIMA BILA MICROMÈTRE

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Tulifikiri kupima ni kazi ya garaje kubwa ya mjini. Lakini fundi alituonyesha namna moja inayohitaji segma moja mpya, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, na kalamu.

Kwanza, pitisha ukucha juu ya shemizi, kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo wa juu utasikia ngazi ndogo. Pale ndipo segma ya kwanza inaishia kupanda. Ngazi kubwa ni shemizi iliyolika sana. Segma mpya, yenye pembe kali, inaweza kugonga ngazi hiyo na kuvunjika.

Pili, toa segma mpya ya juu, uiingize katika shemizi bila pistoni. Isukume kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini, ili ikae sawa. Ipeleke mpaka chini kabisa, pahali ambapo segma hazifiki wakati motere inazunguka. Pale chuma hakijalika. Pima nafasi kati ya ncha mbili za segma, uandike.

Tatu, irudishe juu, chini kidogo tu ya ile ngazi. Pima tena, uandike.

Nne, toa namba ndogo katika namba kubwa, kisha gawanya kwa 3,14. Jibu ndilo upana ulioongezeka kwa kulika.

Tuchukue silinda yetu ya pili. Chini tulipata 0,40 mm. Juu tulipata 1,20 mm. Tofauti ni 0,80 mm. Ukigawanya kwa 3,14 unapata kama 0,25 mm. Kwa motere ya ukubwa huu, mafundi wengi wanasema shemizi ikipita 0,15 ama 0,20 mm haifai segma mpya peke yake. Kitabu cha motere yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Sisi tulikuwa tumepita, na segma zetu za bei ndogo hazikuwa na njia ya kufunga pengo lile. Kama tungepima mwezi wa tisa, tungejua siku ileile.

Tano, pima pia mfereji wa pistoni. Weka segma mpya ndani ya mfereji wake, uingize jani la chuma kando yake. Ikicheza sana, pistoni nayo imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzuri.

Sita, tazama vilbreke. Pitisha ukucha kando ya shingo zake. Ukucha ukikwama katika mikwaruzo, vilbreke sherti iende mjini kusagwa. Kama ni laini, fundi apime kwa micrometre kama ingali mviringo. Geuza kusineti za zamani, usome mgongoni: mara nyingi kumeandikwa STD, ama 010, 020, 030. STD ni vilbreke ambayo haijasagwa. 010 inamaanisha imesagwa kwa 0,25 mm, 020 kwa 0,50 mm, 030 kwa 0,75 mm. Ukinunua kusineti STD kwa vilbreke iliyosagwa, mafuta yatakimbia na motere itapiga kelele siku ya kwanza.

KUNUNUA

Mtu wa kununua asiende na maneno tu mdomoni. Achukue namba ya motere, piyese za zamani, na karatasi ya vipimo. Pistoni mbili zinaweza kuwa na upana sawa, lakini moja ina mifereji mingi kuliko nyingine, ama shimo la juu lina umbo lingine. Ziweke kando kwa kando juu ya meza ya muuzaji kabla ya kutoa franga.

Mambo mengine ya kuuliza:

- Shemizi imepakwa krome ama ni chuma cha kawaida? Shemizi ya krome haiwekwi segma ya krome. Vitu viwili vigumu hivyo vitakwaruzana.

- Shemizi imemalizwa, ama sherti itobolewe kwa mashine baada ya kuingizwa? Kama sherti itobolewe, hesabu bei ya garaje pamoja na safari ya kupeleka motere.

- Jwenti zote zimo? Kununua pistoni na kusahau jwenti ya kulasi ni kurudi mjini mara ya pili.

Sisi tuliona mambo mawili kwa macho yetu. Kile kilichokuwa cha bei ndogo kilitugharimu mara mbili: segma za kwanza, kisha tena segma, pistoni na shemizi. Na bei ya safari ya kupima tuliyoikataa ilikuwa ndogo kuliko bei ya segma tulizotupa.

KUFUNGA

Usafi ndio nusu ya kazi. Mikono safi, kitambaa kisichoacha nyuzi, mafuta mapya juu ya kila kinachosuguana.

Segma zina juu na chini. Zikiwa na alama ama neno TOP, alama itazame juu. Midomo ya segma isifuatane katika mstari mmoja. Igawanywe kuzunguka pistoni, ili moto usipate njia ya kushuka moja kwa moja.

Buloni za kulasi na za biyele zikazwe kwa kle yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu. Kwa kulasi, anza katikati, uende nje kwa msalaba, na kwa mara tatu: kidogo, zaidi, kisha kipimo kamili. Kukaza "mpaka mkono uchoke" kumepinda kulasi nyingi.

Kila ukimaliza biyele moja, zungusha vilbreke kwa mkono. Ikikataa, simama, utafute sababu. Mwisho wa yote, zungusha motere nzima kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kugusa funguo.

MASAA YA KWANZA

Tia mafuta na filtre mpya. Toa hewa katika njia ya mazutu. Vuta kizimio, upige starta kidogo kidogo mpaka sindano ya presha ipande. Ndipo uwashe.

Usiache motere mpya izunguke polepole kutwa nzima ukifikiri unaihurumia. Segma zinahitaji kazi ya kadiri ili zikae. Ipe mzigo wa wastani, usiifunge jembe zito siku za kwanza. Tazama mafuta na maji kila asubuhi. Kisha badilisha mafuta mapema kuliko kawaida, kadiri kitabu kinavyosema, kwa sababu yale ya kwanza yanabeba unga wa chuma. Fundi arudi pia kutazama nafasi za soupape na kukaza kwa kulasi.

SANDUKU LA TRAKTA

Motere yetu inazunguka sasa, na mpira wa hewa ni mpya. Lakini mkutano haukutuacha twende hivyo tu, na ulifanya vizuri. Wanachama wote 8 wamerudishiwa franga zao, na msimu huu watalimiwa wa kwanza. Shamba la yule mama liko namba moja kwenye orodha, hata kama ni la mwisho kwenye njia.

Tena tumekubaliana mambo matatu. Kila hekta inayolimwa, sehemu ya malipo inaingia katika sanduku la trakta, na haiguswi kwa kazi nyingine. Mwendeshaji anaandika kila siku masaa ya kazi, mafuta aliyoongeza, na jina la aliyefungua filtre ya hewa. Na hakuna piyese ya ndani ya motere itakayonunuliwa kabla ya karatasi ya vipimo kusomwa mbele ya wanachama. Yule mama ndiye tuliyemchagua kushika karatasi hiyo. Hajui kutengeneza trakta, lakini anajua swali la kuuliza.

MAULIZO YA KUONGEA KATIKA KIKUNDI

1. Trakta yetu, ama mashine yetu ya kusagia, ina mpira wa hewa? Nani aliutazama mara ya mwisho, na lini?

2. Segma ikipima 0,45 mm chini na 0,70 mm juu, shemizi imelika kiasi gani? Inafaa segma mpya? (Jibu: 0,25 mm ukigawanya kwa 3,14 ni kama 0,08 mm. Shemizi ingali nzuri. Tazama pistoni na mifereji yake.)

3. Kama mashine ikivunjika leo, ni wanachama gani wamekwisha kulipa, na tutawaambia nini?